Kengele Iliyohamishiwa Tokyo

Nilimkuta Amos Ngonyani pale Igawa, lori lake likiwa kando ya barabara kuu, mwenyewe ameketi juu ya kreti tupu la soda nje ya mgahawa, laptopu magotini, sahani ya wali na maharage ikipoa karibu na mguu wake. Alikuwa akiisema laptopu ile kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomsema mbuzi wake ampendaye aliyeingia shamba la jirani. Kwenye kioo cheusi yalikuwa yakishuka maandishi meupe, mstari baada ya mstari.

Nikasimama nyuma yake kutazama. Nayajua maandishi hayo. Nimeyaona Kampala kwa mhadhiri mstaafu, Lisboni kwa fundi wa magitaa, na Pondicherry kwa sista mmoja aliyekuwa na kompyuta saba chini ya kitanda. Kila niendako huwakuta watu wa namna hii. Wanaokota kompyuta iliyokwisha kukatiwa tamaa, wanaufuta mfumo endeshi iliyozaliwa nao, wanaweka mwingine uliotungwa na watu wa kujitolea wa dunia nzima, mfumo huria ambao yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuubadili apendavyo. Hakuna anayewalipa. Ni kama wengine wanavyofuga njiwa.

Alipohisi kivuli changu hakugeuka. Aliniuliza tu natumia mfumo gani. Nilipomtajia alinipa pole kama anavyopewa mfiwa.

"Usijali," alisema. "Wapo wenye hali mbaya zaidi. Kalenga kuna Mhehe mmoja, mama wa heshima zake, kompyuta yake inaamini iko Argentina."

Hilo ndilo lililonipandisha lori.

Safari ya kutoka Igawa hadi Iringa inatosha kusimuliwa maisha ya mtu mzima, hasa ikiwa dereva anasimama Nyololo kuchagua viazi kimoja kimoja kama anayechagua mkwe. Amos ni Mngoni wa Songea anayeishi Uyole, Mbeya. Evarista Kikoti, huyo wa Argentina, ni Mhehe wa Kalenga. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu utani. Msomaji anajua maana yake: mtani anaweza kukusema vibaya msibani kwako, akaondoka na jogoo wako bila kuomba, nawe huna pa kushitaki, lakini jeneza likihitaji bega, bega la kwanza ni lake.

Nilikopita kwingine, wapenzi wa mifumo hii hugombana kweli. Nimeona marafiki wa ujana wakiacha kusalimiana kwa sababu mmoja anatumia mfumo uitwao Debian na mwenzake anaona Debian ni ya wazee. Huku Nyanda za Juu Kusini ugomvi huo ulikuta nyumba imekwisha kujengwa. Ukahamia ndani ya utani, ukakaa, na hakuna aliyeumia.

Walikutana dukani kwa Evarista mjini Iringa, duka la mbegu na mbolea. Amos alikuwa ameleta mzigo. Kabla mzigo haujashushwa aliona kompyuta ya kaunta, akatambua mfumo wake, akacheka. Evarista akamwuliza anachocheka ni nini, Mngoni ambaye babu zake walitembea kutoka kusini kabisa mwa Afrika mpaka Songea bila kujua wanakokwenda. Vibarua walisimama na mifuko mabegani wakisubiri mabishano yaishe, wakachoka, wakaanza kushusha wenyewe. Tangu siku hiyo lori la Amos hubeba fleshi. Mfumo mmoja mzima hula bando la mtu wa kawaida mpaka limalizike, kwa hiyo Amos huupakua kwa rafiki yake Mbeya mwenye intaneti nzuri, kisha anaupeleka Iringa kwa barabara, kila fleshi akiwa ameipa jina la kumkera mpokeaji. Evarista humrudishia na majina mabaya zaidi.

Tulilala Iringa. Jumamosi asubuhi lori lilibaki Ipogolo, tukachukua bajaji mpaka Kalenga.

Nilitegemea kumkuta mtu mkimya, wa miwani minene. Evarista ni mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia chumbani. Alitusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akasubiri Amos aitikie vizuri, Amos akaitikia vibaya kwa makusudi, wakaridhika wote wawili. Alitupitisha ukumbini akanionyesha kompyuta zake kama mtu anayekutambulisha kwa wanawe. Huyu ukimfunika halali. Yule akilala haamki. Huyu wa dirishani ni mwema, ila mwanga wa kioo chake unakwenda kinyume: ukiongeza unapungua. Yule mwenye plasta hakuwahi kuitambua intaneti ya hewani tangu aje, basi anaunganishwa na simu kwa waya, na amezoea.

Evarista alianza kwa bahati. Laptopu ya duka ilikuwa nzito kiasi kwamba aliiwasha, akaenda kufagia, akarudi ikiwa bado inafikiri. Mpwa wake alimshauri aitupe. Mwanafunzi aliyepanga chumba cha uani akamwachia diski badala yake. Evarista akaiweka, akajibu kila swali "ndiyo" kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na moja ya maswali hayo lilikuwa kama yuko tayari kufuta kila kitu. Picha zote za harusi ya dada yake zikaenda. Dada hakumsemesha mpaka Krismasi. Lakini laptopu iliamka kama mtu aliyetoka kuoga, na Evarista aliniambia kuwa alikaa mbele yake kwa furaha na aibu pamoja, akijua kabisa kwamba atarudia tena.

Akarudia. Kuna mfumo uliokataa kutoa sauti miezi mingi. Alijaribu kila ushauri aliousoma, jioni moja akachoka, akauacha. Siku aliyopata jawabu hakukumbuka kwamba wimbo wa kwaya ulikuwa umeachwa ukicheza kimya muda wote ule, na sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Duka lilikuwa limejaa wakulima msimu wa mbegu. Sauti za wanakwaya zikalipuka kutoka kaunta, mzee mmoja akavua kofia.

Sasa Argentina. Kompyuta zote duniani zinaanza kuhesabu saa usiku wa manane, na jua likichomoza zinasema sita. Sisi jua likichomoza tunasema kumi na mbili, na inayofuata ni moja. Watanzania wote tumezoea kusoma saba na kutamka moja, hata hatujioni. Baba yake Evarista, Mzee Edmund, hakuzoea. Alitazama saa ya kompyuta asubuhi moja, akasema chombo hicho kinadanganya, na mtu anayedanganya saa atadanganya na mengine. Mtu mwingine angemweleza. Evarista alifikiri: mfumo huu ni huria, kwa nini mimi ndiye nibadilike? Akatafuta kwenye orodha ya miji ya dunia mji ambao, jua likichomoza Kalenga, kwao ni usiku wa manane na kompyuta zao zinasoma 12:00. Akaupata Buenos Aires. Akaiambia kompyuta kwamba iko huko. Tangu hapo, Kalenga ikiwa saa moja asubuhi, kioo kinasema 1:00, na Mzee Edmund akapatana na kompyuta.

Amos alipoliona hilo mara ya kwanza hakulala. Akaenda kuchunguza, akarudi na hoja kwamba Evarista amekosea mji. Tokyo nayo inatoa saa zilezile kwenye kioo: huku ikiwa saa moja asubuhi, kule kwao ni saa saba mchana, na kioo kinaandika 1:00 vilevile. Na tena, alisema, Tokyo inabadili tarehe huku jua likizama, kama wazee walivyokuwa wakihesabu siku, wakati Argentina inabadili alfajiri. Wamebishana Tokyo na Buenos Aires kwa miaka. Hakuna kati yao aliyefika hata mmoja wa miji hiyo. Mimi nimefika yote miwili, na walipogundua hilo waliniomba nisiseme lolote, nisije nikaharibu.

Yote haya yangekuwa mchezo tu kama si kengele.

Kigango cha pale kwao hakina mnara. Kengele yake ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo mbili juu ya mteremko nyuma ya kanisa, ili sauti ivuke mashamba ifike ng'ambo ya mto Ruaha Mdogo. Mzee Edmund ameipiga kwa nondo tangu Evarista akiwa mtoto: alfajiri saa kumi na mbili, mchana saa sita, jioni saa kumi na mbili, watu wasali Malaika wa Bwana popote walipo. Mapigo matatu, matatu, matatu, kisha mfululizo. Wakati wa mvua za masika aliteleza na umande akaporomoka na nondo yake. Nyonga haikuvunjika, ila tangu hapo inampigia kelele, na njia ya kupanda ni ileile. Hakukubali mtu mwingine aipige. Hakukubali kushikwa mkono. Alfajiri, giza bado, Evarista alikuwa akilala macho wazi mpaka asikie pigo la kwanza, ndipo ajue kwamba baba yake amefika juu salama.

Basi akatengeneza mashine. Laptopu isiyo na mfuniko ikakaa sakristia, chumba cha kanisa cha kutunzia vyombo vya ibada, inakula umeme wa sola na betri ya gari. Waya unapanda mteremko mpaka kwenye mota ya waipa ambayo Amos aliing'oa kwenye lori bovu huko Mbeya. Saa ikifika, laptopu inaiamsha mota, mota inainua nyundo, nyundo inaangukia rimu. Evarista alikaa wiki nyingi akiifundisha kupiga kama baba yake, pamoja na ule upungufu wa pumzi kati ya tatu ya pili na tatu ya tatu.

Mzee Edmund alitoa masharti yake. Kwanza, saa ya mashine hiyo isomeke kama saa, siyo kama uongo. Kwa hiyo nayo ikapelekwa Buenos Aires. Pili, ijaribiwe wiki nzima. Tatu, Jumamosi saa sita mchana ipige mbele ya katekista na wazee wa kigango. Ikipiga sawasawa, atakabidhi nondo na kukaa nyumbani. Ikikosa hata mara moja mbele ya watu, mtu asimzungumzie tena habari za kukaa. Wiki hiyo yote mashine ilipiga bila kukosa, naye alipanda kila mara vilevile, akasimama chini ya rimu na nondo mkononi, akiisimamia kama mwalimu wa zamu.

Jumamosi hiyo ndiyo tuliyofika.

Evarista alitutembeza sakristia. Alfajiri ilikuwa imepigwa vizuri. Kioo kilisema 2:10. Aligusa kibodi kwa ncha ya kidole kama anayefuta vumbi kwenye uso wa mtoto anayekwenda kipaimara, kisha akaitwa nje: katekista, Bwana Sosthenes, amefika mapema na anataka kujua viti vikae wapi. Akatoka. Nami nikatoka, kwa sababu nje kulikuwa na chai ya maziwa. Amos alibaki akisema anaangalia waya wa mota yake.

Saa tano na nusu watu walikuwa wamejaa chini ya mteremko. Wanakwaya walikuja na sare, ingawa hakuna aliyewaagiza. Mzee Edmund alikuwa ameketi kwenye jiwe, koti limefungwa vifungo vyote, nondo imesimama kati ya magoti. Evarista alisimama mlangoni mwa sakristia, mahali alipoweza kuona kioo na baba yake kwa pamoja.

5:58. 5:59. 6:00.

Kimya. Kuku alipita mbele ya wazee wa kigango. Bwana Sosthenes, aliyekuwa ameshainamisha kichwa tayari kwa sala, alikiinua taratibu. 6:01. Juu ya mteremko nyundo imelala juu ya rimu kama mtu aliyeegemea ukuta.

Mzee Edmund akavaa kofia. Akasimama kwa kujisukuma na nondo, akaugeukia mteremko, akaanza kupanda.

Evarista aliingia sakristia, nami na Amos nyuma yake. Alifungua kile kioo cheusi cha maandishi meupe, akaandika, akasoma, akaandika tena. Mashine ni nzima. Betri imejaa. Mistari mitatu ya kupiga kengele ipo palepale alipoiacha. Ndipo aliposoma jina la mji, akageuka.

Amos alikuwa amesimama na tabasamu alilokuwa akilitunza tangu asubuhi kwa ajili ya chakula cha mchana, na lilikuwa likimtoka usoni pole pole.

"Mtani," alisema, "saa ni ileile. Nimekuhamishia Tokyo tu."

Kioo kweli kilisema saa ileile. Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Kwenye kioo, sita ni sita. Lakini ndani yake mashine inajua sita ya alfajiri na sita ya jioni, na Evarista alikuwa ameiagiza kwa hesabu za Buenos Aires: ipige usiku wao wa manane, alfajiri yao, na adhuhuri yao. Amos alipoizima na kuiwasha upya ikiwa Tokyo, mchana wa Kalenga ukawa jioni ya Japani, na jioni hakuna aliyeiagiza kitu. Ilikuwa imekaa kimya kwa utiifu kabisa.

Evarista alikaa juu ya sanduku la mishumaa. Wahehe wanasifiwa kwa hasira, na nilimwona akiitafuta. Alichopata ni kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kikakatika ghafla, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kutoka pale alimwona baba yake, amefika kwenye sehemu yenye mawe yanayobingirika, amesimama, mkono mmoja kwenye nyonga.

Angeweza kuipigisha mashine wakati huohuo. Neno moja tu kwenye kibodi, mota ingeamka, na kati ya wale waliokuwa chini wangapi wangejali dakika chache? Kidole chake kilikuwa tayari. Nilimwona akikitazama, kisha akaondoa mkono.

"Atajua," alisema. Halafu akamgeukia Amos. "Mngoni, umempotezea mzee saa yake. Mrudishie. Mpandishe mgongoni."

Hukumu ilitangazwa nje. Bwana Sosthenes aliithibitisha kwa uso wa mahakama. Wanakwaya, ambao nusu yao walikuwa hawajaelewa Tokyo imeingiaje kigangoni, walielewa vizuri kabisa kwamba mtani amekamatwa, wakaanza vigelegele. Amos alipanda mpaka kwenye mawe, akampa mzee mgongo, akachuchumaa.

Mzee Edmund alimtazama kwa muda. Mzee huyu ndiye aliyemfukuza binti yake kwa kumshika kiwiko tu. Aliyekataa fimbo kwa sababu fimbo ni ya wagonjwa. Lakini huyu aliyechuchumaa hapa si msaada. Huyu ni Mngoni aliyeshindwa.

"Babu yangu angefurahi kuona hili," alisema, akapanda.

Sijawahi kuona mtu akibebwa kwa heshima namna ile. Alikaa wima, nondo begani kama mkuki, kofia haikuyumba. Amos alihema, akalalamika kwamba Wahehe wana mifupa ya chuma, mzee akamwambia apunguze maneno aongeze miguu. Kina mama wakaimba nyuma yao. Walipofika juu mzee hakushuka. Aliamuru Amos asogee karibu na rimu, karibu zaidi, hapo, akapiga kutokea mgongoni. Tatu. Tatu. Tatu. Kila pigo masikio ya Amos yalikuwa umbali wa shubiri moja na rimu, na ule mfululizo wa mwisho, kwa mujibu wa kila mwenye sikio siku ile, ulikuwa mrefu kuliko kawaida.

Malaika wa Bwana ikasaliwa karibu saa sita na nusu. Bwana Sosthenes alisema Mungu anajua ni saa ngapi.

Baada ya chakula cha sherehe, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapikwa na kisingeweza kuahirishwa, Evarista aliketi mbele ya laptopu kuirudisha Argentina. Uso wake ulikuwa umeinama. Sharti lilikuwa sharti, na mashine ilikosa mbele ya watu. Haikuwa na maana kwamba haikukosa yenyewe. Alfajiri ya kesho angelala tena macho wazi akisubiri pigo. Mzee aliingia sakristia akachungulia juu ya bega lake.

"Ukiiacha hivyo hivyo itafanyaje?"

Evarista akahesabu kwa sauti, akigusa kioo. Ikibaki Tokyo, jioni itapiga, sawa. Alfajiri itapiga, sawa. Saa sita mchana itanyamaza kama leo. Na kuna moja imeruka upande wa pili: usiku, saa sita ya usiku, ingepiga kengele kijiji kizima kitoke na mapanga kikidhani ni wezi.

Amos, pembeni, alisikia hilo la usiku kwa mara ya kwanza, akakaa chini.

Mzee alifikiri. Alitazama mteremko kupitia dirishani. Umande uko alfajiri, alisema. Giza liko jioni. Mchana njia ni kavu na macho yanaona. Hakusema kwamba alianguka alfajiri, wala Evarista hakumkumbusha.

"Hiyo ya usiku ifute," alisema. "Iache huko huko kwa Wajapani. Alfajiri yake, jioni yake. Saa sita ni yangu."

Evarista alifuta mstari mmoja. Kazi ya wiki nyingi, na marekebisho yake makubwa kuliko yote yalikuwa kuondoa. Kisha akasema naye ana sharti lake: kwenye mawe yale lifungwe bomba la chuma la kushikia, kuanzia chini mpaka kwenye nguzo. Bomba halimshiki mtu, mtu ndiye anayelishika, kwa hiyo mzee hakuona kosa. Ikaamuliwa kwamba bomba ni faini ya Amos, na lije kwa lori, na liwe limepakwa rangi. Amos alikubali yote. Alichoomba ni jambo moja tu, likubaliwe mbele ya mashahidi: kwamba katika mabishano ya miaka mingi, Tokyo imeshinda. Evarista alisema Tokyo imeshinda kengele moja, kompyuta za ukumbini bado ziko Buenos Aires na zitazikwa huko.

Jioni tulikuwa uani. Mzee Edmund alikuwa kwenye kiti chake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, viatu vimekaa pembeni. Ilipokaribia saa kumi na mbili nilimwona akiisogeza miguu majini kama anayetaka kusimama, kisha akaituliza. Evarista alikuwa akichambua maharage, na mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

Ikapiga. Tatu, ikaja juu ya mashamba ya mahindi. Tatu, na ng'ombe wa jirani akaitikia. Ule upungufu wa pumzi. Tatu. Halafu mfululizo, ukaenda mpaka mtoni, ukarudi.

Mzee alikuwa amevua kofia. Alikaa hivyo muda mrefu baada ya sauti kwisha, na sala ilikuwa imekwisha pia. Maisha yake yote alikuwa chini ya rimu ile, ikimpigia masikioni. Hakuwahi kuisikia kutoka nyumbani kwake.

"Kumbe inafika mpaka hapa," alisema. "Kumbe ndivyo mnavyoisikia."

"Ndivyo, baba," Evarista alisema. "Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha vidole vya miguu ndani ya maji. Kisha akauliza Mngoni anaondoka kesho saa ngapi. Akajibiwa saa tano.

"Bomba bado halijaja," alisema Mzee Edmund. "Mwambieni aondoke saa saba."